Kaacha Dawa, Pumzi Je? Mapafu Yanayosahaulika Katika Tiba ya Uraibu

Bill Wilson alikunywa pombe yake ya mwisho Desemba 1934. Mwaka uliofuata alikutana na daktari Bob Smith mjini Akron, Ohio, na wawili hao wakaanzisha Alcoholics Anonymous, chama cha kusaidiana kuacha pombe ambacho mfano wake umeigwa na vikundi vya waraibu wa kila aina ya dawa. Tangu hapo hadi anafariki, Wilson aliishi miaka 36 bila kugusa pombe. Kwa kipimo chochote tunachokitumia katika tiba ya uraibu, huyu alifaulu. Lakini Januari 1971 aliuawa na emfisema, ugonjwa wa kubomoka kwa vifuko vya hewa vya mapafu, iliyoandamana na nimonia. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara.

Ningependa iwe bahati mbaya ya mtu mmoja. Siyo. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchunguzi wa watu 845 waliolazwa kwa tiba ya uraibu huko Minnesota, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1983. Watafiti walipowafuatilia baadaye, 222 walikuwa wameshafariki. Vyeti vya vifo vilipopekuliwa, asilimia 50.9 ya vifo vilitokana na maradhi ya tumbaku. Vilivyohusishwa na pombe vilikuwa asilimia 34.1. Walipelekwa hospitali kwa ajili ya chupa, wakatibiwa chupa, na nusu ya waliokufa wakaondolewa na moshi.

Tumejifunza kuhesabu siku. Siku 30 safi, siku 90, mwaka mmoja. Hesabu hiyo ina thamani yake, na aliyeipitia anajua kila siku ilivyomgharimu. Ninachopinga ni kuifanya kuwa hesabu pekee. Mtu anaweza kukaa safi miezi saba na bado akashindwa kupanda ngazi za ghorofa ya pili bila kusimama katikati, ameshika ukingo, midomo wazi. Hakuna anayeandika hilo kwenye faili lake. Mshauri anauliza kama ametamani kutumia tena, kama analala, kama amepatana na familia. Pumzi haiulizwi. Nasema iulizwe, ipimwe, na ifanyiwe kazi tangu wiki za mwanzo, na sigara isiwekwe kando kwa ahadi ya "baadaye".

Tuanze na uharibifu wenyewe, maana watu wengi hudhani uraibu huumiza ubongo, ini na mishipa, halafu mapafu wanayaachia wavuta sigara. Heroini inayochomwa na kuvutwa moshi wake huingia ndani kabisa ya kifua ikiwa moto, na mvutaji huubana moshi ule kwa sekunde kadhaa ili asipoteze hata kidogo. Mjini Liverpool, Uingereza, watafiti waliwapima zaidi ya watu 700 waliokuwa wakivuta heroini, wakiwafuata kwenye vituo vya tiba walikokuwa wakihudhuria. Takriban theluthi moja walikutwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD, na wastani wa umri wao haukufika miaka 50. Ugonjwa huu kwa kawaida tunauona kwa wazee. Hapa umewakuta watu walio bado na watoto wa kusomesha. Moshi huohuo pia huchochea pumu, na kwa wenye pumu tayari unaweza kuleta shambulio la kuua.

Anayejidunga naye hajasalimika. Vidonge vinavyopondwa na kuyeyushwa huwa na unga wa talki na vitu vingine vya kushikilia kidonge. Chembe hizo haziyeyuki. Husafiri na damu na kituo chao cha kwanza ni vimishipa vyembamba vya mapafu. Zinakwama, mwili unazizungushia makovu, na taratibu damu inakosa pa kupita. Bakteria waliobebwa na sindano huweza kuota kwenye vali ya upande wa kulia wa moyo, kisha vipande vya usaha vikakatika na kurushwa kwenye mapafu. Methamfetamini inajulikana kwa kupandisha shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu, hali inayouchosha moyo hadi ushindwe. Kokeini ya kuvuta imewahi kuwatoa watu damu ndani ya vifuko vya hewa. Bangi huacha kikohozi na makohozi ya kila asubuhi, ingawa hayo mara nyingi hupungua mtu akiiacha.

Halafu kuna kipindi ambacho hakionekani kabisa: usingizi wa dawa. Dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na mofini, hupunguza kasi ya kupumua na kuzubaisha ule msukumo wa kukohoa ambao ndio mlinzi wa koo. Mtu aliyelewa akiwa chali, mate, chakula na matapishi vinaweza kuteremka mapafuni bila yeye kushtuka. Kila nimonia anayoipata kwa njia hiyo inaweza kuacha kovu. Miaka ikipita, makovu yanajumlishwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mshauri na kila familia ilielewe. Dawa za jamii ya afyuni haziumizi pumzi tu, zinaificha. Madaktari wa wagonjwa mahututi hutumia mofini kwa dozi ndogo kumpunguzia mgonjwa ile hisia ya kukosa hewa. Mapafu hayaponi, ila ubongo unaacha kupiga kelele. Mraibu wa heroini amekuwa akijipa dawa hiyo kila siku, kwa dozi kubwa, kwa miaka. Kifua chake kilikuwa kikiharibika nyuma ya pazia. Siku anapoacha, pazia linafunguka. Ghafla anasikia kifua kinabana, anahema akitembea hatua chache, usiku anaamka akiitafuta hewa. Anajiambia: nilipokuwa natumia sikuwa hivi, kumbe kuacha ndiko kunakoniua.

Na wanaomzunguka wanamwambia ni arosto, yale mateso ya mwili unaodai dawa ulioizoea. Au ni woga. Wakati mwingine ni kweli, maana arosto huja na mapigo ya moyo ya kasi na wasiwasi unaobana kifua. Lakini arosto ya heroini kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Anayehema wiki ya sita huenda hana arosto tena, ana tatizo la mapafu. Akiachwa aamini kwamba ni udhaifu wa moyo wake, atajua kitu kimoja tu kinachoiondoa hisia ile, na anajua kinapatikana wapi. Sina shaka kwamba kuna watu waliorudia dawa kwa sababu hii, na kwenye maelezo yao ikaandikwa kwamba hawakuwa tayari.

Kipimo cha kumtoa mtu huyu gizani kipo tangu 1846, pale daktari Mwingereza John Hutchinson alipochapisha maelezo ya spirometa yake. Mtu anavuta hewa hadi mwisho, kisha anaipuliza kwenye kifaa kwa nguvu zake zote mpaka kifua kimekwisha. Hesabu inayotafutwa hasa ni kiasi cha hewa kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Siku hizi kifaa chenyewe hushikwa mkononi, na kipimo humalizika kwa dakika chache. Mtu anapoiona namba yake, mazungumzo hubadilika. Anapata ugonjwa wenye jina, wenye dawa ya kuvuta ya kuzifungua njia za hewa, na hali yake inaweza kufuatiliwa. Haambiwi tena ajikaze.

Namba hiyo huporomoka kwa kila mwanadamu kadiri anavyozeeka. Ulioonesha vizuri tofauti ni utafiti uitwao Lung Health Study, uliowafuatilia wavuta sigara wa Marekani na Kanada waliokuwa na dalili za mwanzo za kuziba kwa njia za hewa. Baada ya miaka 11, wanaume walioacha sigara mwanzoni na wasirudie walikuwa wakipoteza takriban mililita 30 kwa mwaka, karibu sawa na uzee wa kawaida. Walioendelea kuvuta walipoteza takriban mililita 66. Vifuko vya hewa vilivyobomoka havijengeki upya, hilo lazima lisemwe wazi. Ila kasi ya bomoabomoa iko mikononi mwetu.

Ndiyo maana siwezi kuelewana na kauli inayosikika katika vituo vingi: "Mwache kwanza na sigara yake, amebeba mengi." Naielewa huruma iliyomo. Mtu ameachishwa kila kitu kwa mkupuo, amebakiwa na kile kijiti na wale wenzake wanaosimama naye nje wakivuta. Kumnyang'anya hicho nacho kunaonekana ukatili. Tena kuna hofu ya kweli kwamba akibanwa kote atakimbia tiba. Kama hofu hiyo ingekuwa na msingi, ningenyamaza. Mwaka 2004 Judith Prochaska na wenzake walikusanya majaribio 19 ya kuwasaidia kuacha sigara watu waliokuwa kwenye tiba ya uraibu au waliokwisha kupata nafuu. Waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa ndani ya tiba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 25, wa kukaa mbali na pombe na dawa za kulevya kwa muda mrefu. Msaada ule haukuwarudisha nyuma. Uliwaongezea.

Ukilitafakari, halishangazi. Sigara na dawa vimetembea pamoja kwa miaka mingi katika ubongo mmoja: moshi wa kwanza asubuhi, kisha safari ya kutafuta, dozi, kisha sigara ya kuisindikiza. Kila sigara ni mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Na anayefundishwa kuivumilia tamaa ya nikotini kwa dakika chache hadi ipite, anafundishwa stadi ileile atakayoihitaji siku atakapokutana na rafiki wa zamani mwenye unga mfukoni. Sidai alazimishwe. Nadai aulizwe siku ya kwanza, apewe kiraka au pipi za nikotini ikiwa anataka, na wafanyakazi wa kituo waache kuvuta pamoja naye. Hilo la mwisho nalisisitiza. Mshauri anayempa mgonjwa moto wa kuwashia sigara amemfundisha somo kubwa kuliko saa nzima ya ushauri.

Faida ya kwanza huja haraka mno, na hatuitumii. Moshi wa sigara hubeba hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Saa chache tu bila moshi, nusu ya sumu hiyo imeshatoka. Kwa siku moja au mbili sehemu kubwa imekwisha. Maana yake damu ileile, moyo uleule, mapafu yaleyale, vinabeba oksijeni zaidi kuliko juzi. Anayeanza kutembea kwa mazoezi wiki ileile aliyoacha sigara ataihisi tofauti miguuni.

Na miguu ndiyo nusu ya pili ya habari hii. Tunapomwona mtu anahema, macho yetu huenda kifuani. Mara nyingi tatizo liko mapajani. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo ili kuona mwili usiotumika unafika wapi. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Wiki tatu tu, vijana, wazima. Sasa mfikirie mtu aliyeishi miaka 10 akilala mchana, akila kwa kubahatisha, akikonda, na mwendo wake wa siku ukiwa ni ule wa kutafuta dozi. Misuli yake imesahau kuitumia oksijeni. Akiinuka kidogo tu, misuli hiyo inazalisha asidi mapema, asidi inadai kupumua kwa kasi, na mapafu yaliyokwisha kuchakaa yanaombwa kazi yasiyoiweza.

Humo ndimo lilimo tumaini, na ni tumaini la kibaiolojia, si la kumfariji mtu. Misuli hufundishika hata pale ambapo mapafu hayatengenezeki. Msuli uliozoezwa huongeza vimishipa vya damu na viwanda vyake vidogo vya nishati. Hufanya kazi ileile kwa asidi kidogo, kwa hiyo hudai hewa kidogo. Vijana wale wa Dallas walipofunzwa upya walirejesha walichopoteza. Nchini Norway, Grete Flemmen na wenzake waliwaweka wagonjwa wa uraibu kwenye mazoezi makali ya vipindi: dakika nne za kutembea au kukimbia kwa nguvu, mara nne, na mapumziko ya mwendo mwepesi katikati, siku tatu kwa wiki, wiki nane. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 15. Hawa ni watu waliokuwa katikati ya tiba, wengi tungewahurumia tukawaambia wapumzike.

Lakini lazima niseme na upande mwingine, kwa sababu mazoezi yamegeuzwa kuwa ahadi kubwa kupita kiasi. Utasikia kwamba ukikimbia hutarudia dawa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STRIDE, uliochapishwa mwaka 2017, uliwagawa watu 302 waliokuwa wakitibiwa uraibu wa dawa za kuchangamsha, kama kokeini na methamfetamini: wengine wakapewa mazoezi makali, wengine masomo ya afya. Katika hesabu kuu, makundi hayo hayakutofautiana kwa kiwango cha kuaminika katika kukaa mbali na dawa. Yapo majaribio mengine, mengi yakiwa madogo, yaliyoleta majibu mazuri zaidi, na yapo yanayoonesha usingizi na huzuni vikipata nafuu. Msimamo wangu ni kwamba mazoezi yasiuzwe kama kinga ya kurudia. Mtu aliyeambiwa hivyo akateleza, ataacha na mazoezi pia, akiamini yamemdanganya. Aambiwe ukweli: tunafanya haya ili upumue. Kama yatakusaidia na mengine, heri.

Ukweli huo unabadilisha hata namna ya kuanza. Anayefanya mazoezi kwa ajili ya pumzi hana haja ya kujiadhibu. Aanze kwa kutembea, kwa kasi ambayo bado anaweza kutamka sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Akikosa hewa, asimame, ainame kidogo mikono juu ya magoti, atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza uji wa moto. Mbinu hiyo huzizuia njia za hewa zilizolegea zisijifunge mapema. Kuinuka kwenye kiti na kuketi bila kutumia mikono, mara kadhaa, ni zoezi tosha la mapaja kwa wiki za mwanzo. Ile mbinu ya Norway ingoje hadi msingi uwepo, na kwa aliyetumia kokeini au methamfetamini ingoje hadi moyo umepimwa, kwa kuwa dawa hizo huweza kuacha moyo wenye kovu usiolalamika mpaka utakapokimbizwa.

Tahadhari nyingine huwa haitajwi. Jeraha la mazoezi kwa mtu wa kawaida ni usumbufu. Kwa mtu huyu, goti lililoteguka linaweza kumfikisha mbele ya daktari asiyejua historia yake, akaandikiwa vidonge vya maumivu vya jamii ileile aliyoikimbia. Kwenda polepole kwake ni sehemu ya tiba.

Na kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kisiitwe kikohozi cha sigara. Watu wanaotumia dawa za kulevya wako katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, na makohozi yapimwe kabla ya kumweka mtu kwenye chumba cha mazoezi na wenzake. Akikutwa nacho, wanaomtibu uraibu na wanaomtibu kifua waongee. Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huliamsha ini likaivunja haraka methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi anaanza arosto upya akiwa anameza dozi yake ileile kila siku, na asipokuwapo mtu wa kumwongezea, ataacha mojawapo ya dawa hizo mbili. Yoyote atakayoiacha, tumempoteza. Methadoni yenyewe, inayookoa maisha ya wengi, huweza kuandamana na kukatika kwa pumzi usingizini. Anayeamka kila siku na kichwa kizito na kusinzia mchana aulizwe habari za usiku wake kabla ya kushukiwa kwamba ametumia.

Kwa vituo vinavyosema havina uwezo, kuna kipimo kisichohitaji hata spirometa. Korido tambarare ya mita 30, alama mbili sakafuni, saa. Mtu anaambiwa atembee kwenda na kurudi kwa dakika sita, kadiri awezavyo, akichoka apumzike kisha aendelee, na mita zinaandikwa. Siku ya kwanza, kisha kila mwezi, kwenye faili lilelile linalohesabu siku zake safi. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yalijumuisha majaribio 65 ya mazoezi ya kurejesha pumzi kwa wagonjwa wa COPD. Mapafu yao yalikuwa yaleyale yaliyoharibika, lakini walipata wastani wa karibu mita 44 zaidi katika dakika hizo sita. Ni korido moja na nusu. Kwa mtu aliyekuwa akishika ukuta kila hatua chache, ni kutoka kitandani hadi bafuni, kuoga akiwa amesimama, na kurudi bila kumwita mtu.